Kiti cha Nyuma

Daktari wa meno aliyestaafu akikuambia pikipiki anayoiuza haina tatizo, wewe unamwamini? Mtu aliyekula mkate wake miaka thelathini kwa kusema "haitauma hata kidogo"! Mimi simo. Nilichukua tochi na ulimi wangu, nikaenda mtaa wa pili kuikagua mwenyewe.

Mimi nashona viti vya magari na pikipiki, karakana ni yangu. Nikimaliza kiti cha pikipiki hukijaribu barabarani kabla mteja hajaja, leseni ninayo. Mume wangu, dereva wa malori mstaafu, hunichorea vipimo kwenye ngozi. Miezi miwili mizima alikuwa haniachi nipumue, tuinunue hiyo pikipiki: ya safari ndefu, ina masanduku ubavuni, umri wake miaka ishirini na miwili. "Tutazipita njia zangu zote," alikuwa akisema. Njia hizo amenisimulia tangu anioe, na mimi sijawahi kuzitia machoni hata moja.

Shida ni macho yake. Alianza kumimina chai nje ya kikombe, akasingizia kikombe. Akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akasingizia uzi. Siku hizi anachora ngozi pua ikigusa meza, na nikimtajia hospitali ananuna siku mbili. Mtu aliyeishi kwa usukani utamwambiaje kwamba haoni? Sikuwa na moyo huo. Nikaona heri niikute pikipiki na kasoro, nirudi nimwambie, hii mbovu, baba, tuachane nayo. Nisipoipata kasoro ataipanda, na mimi nitaitwa mochwari kumtambua.

Daktari aliifunua turubai kwa madaha kama anayefungua zawadi. Sikumsubiri amalize. Nikaweka kiganja kwenye injini, nikaikuta ya moto.

"Umeiwasha kabla sijaja," nikamwambia. "Kwa nini? Haiwaki ikiwa baridi?"

"Inawaka vizuri, mama. Nilizunguka nayo kidogo tu."

"Leo hii hii, ukijua nakuja?"

Akavua miwani akaifuta, na miwani haikuwa chafu. Aha! Nikajua hapa pana jambo.

Nikainama. Raba za kushikia kwenye usukani mpya. Nikamuuliza za zamani zilikwenda wapi, akasema zilipasuka kwa jua. Nikamuuliza kwa nini kilomita ni chache hivyo, akasema mkewe alikuwa hapendi atoke. Kila swali ana jibu, na mimi mtu mwenye majibu yote ndiye namwogopa. Lakini chini sikuona tone la mafuta. Fremu haikuwa na alama ya kuchomelewa. Matairi mazima, mnyororo umekazwa sawasawa. Hasira zikanipanda. Hata kutu, jamani, hata kidogo tu!

Kiti nilikiacha mwisho, maana kiti hakijui kudanganya. Cha mbele kilikuwa kimebonyea katikati, mtu mmoja, miaka mingi. Cha nyuma sponji ilikuwa bado imesimama, hakikukaliwa sana. Nikamulika tochi. Juu ya ngozi nyeusi palikuwa na vumbi la buluu, madoa mawili mapana, ubavu kwa ubavu.

Nikalipangusa kwa kidole. Chaki. Chaki ya fundi, ile ile ninayoiagiza mimi. Na duniani kote namjua mtu mmoja tu anayejifuta chaki makalioni, nimemgombeza mpaka nimechoka. Asubuhi hiyo aliniaga kwamba anakwenda kwa kinyozi.

"Mume wangu alikuwa hapa," nikasema.

Daktari akatazama geti kama anayepima mbio zake. "Aliniomba nisiseme."

"Mnanichezea mchezo gani nyie wawili? Na wewe, daktari mzima, unampa pikipiki mtu asiyeona!"

"Sikumpa, mama. Hata usukani alikataa kuushika. Aliniomba nimpakie."

"Umpakie?"

"Nyuma. Tumezunguka mtaa mara tatu. Alisema anataka kujua huko nyuma kukoje. Nikamuuliza, sasa ataendesha nani? Akaniambia, 'Yupo mtu, na anaendesha vizuri kuliko mimi. Ila sijapata mdomo wa kumwambia.'"

Nikakaa chini, pale pale kwenye sakafu. Kila ninapotoka na pikipiki ya mteja, yule mzee husimama mlangoni mpaka nirudi. Nilidhani anahofia nitaanguka. Nikaona aibu, nikaona uchungu, nikalia mbele ya mng'oa meno. Naye akanipa kitambaa, wanaolia amewazoea.

"Nipe ufunguo," nikamwambia nilipomaliza.

Nilizunguka mtaa mara tatu, kama wao.

Nyumbani nilimkuta karakanani, nywele zake vile vile.

"Kinyozi alikuwa na foleni," akawahi kusema. "Enhe, umeikuta mbovu?"

Nikachukua futi ya kupimia. "Geuka."

"Unanipima nini?"

"Makalio. Kile kiti cha nyuma chembamba, na safari ni ndefu. Nataka nikiongeze sponji."

Hakugeuka. Mkono wake ulitafuta meza mpaka ukaipata, akaegemea.

"Niliogopa kukuambia," alisema.

"Hata mimi."

Nikamzungushia futi kiunoni, na namba sikuziona kwa machozi. Tukawa wawili tusioona.

"Kona zote nazijua kwa kichwa," akasema juu ya kichwa changu. "Nitakuambia wapi upunguze mwendo. Wewe uniambie tu kunaonekana nini."