Harufu ya Nazi Chini ya Pedeli

Jumatano, tarehe nane Novemba 2023, saa moja na robo asubuhi, pedeli ya klachi ya Pijo yangu ilishuka mpaka chini na haikurudi. Mke wangu Biasha alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, presha imempanda, mkono wa kushoto haumtii. Tulikuwa tumetoka nyumbani Mwabungo nampeleka hospitali Msambweni, na lami hatujaifikia. Nikakanyaga, nikakanyaga tena, ni kama nakanyaga mto wa usufi. Nikazima, nikaweka gia ya kwanza, nikawasha hivyo hivyo kwa nguvu ya betri. Gari likaruka mara mbili kama chura, likafia kwenye matope.

Ile njia yetu imeahidiwa lami na viongozi watatu. Kila mmoja alikuja na watu wa kupima, akapigwa picha, akaondoka. Nilipopiga simu kuomba gari la wagonjwa niliambiwa gari lipo, ufunguo uko kwa mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Tuktuk ilipofika, Biasha alikuwa ameshaacha kunijibu.

Basi nani aliyemuua mke wangu? Mimi niliishia darasa la nne, lakini jibu hilo halikunishinda. Nimelisema msikitini, nimelisema kwenye baraza la chifu, nimelisema harusini, mpaka watu wakiniona nafungua mdomo wanatafuta viatu vyao.

Gari lilisukumwa hadi uani nikalifunika turubai. Sikuligusa mwaka na nusu. Kuku wakataga humo.

Mwezi uliopita mwanangu Yusra alirudi nyumbani, mimba ya miezi minane. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake. Mama hayupo, lakini alikuja vile vile. Siku ya pili alisimama mbele ya turubai, mikono kiunoni.

"Baba, mimi sizalii njiani. Litengeneze hili."

"Waambie hao wakubwa watengeneze njia."

"Mtoto huyu hatawangoja wakubwa wako."

Jumamosi nikawafukuza kuku nikaanza. Klachi ya gari hili huendeshwa na mafuta yale yale ya breki. Ukikanyaga, silinda ya juu iliyo kwenye pedeli husukuma mafuta kwenye paipu mpaka silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi. Yakivuja popote, huna klachi. Nikafungua kikopo cha mafuta, kikavu. Nikalala chini nikapapasa silinda ya chini: vumbi tupu. Paipu nikaifuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho, nayo kavu. Nikainua zulia chini ya pedeli. Hapo palikuwa na utelezi, na kwenye ukuta wa injini, pale silinda ya juu inapopitisha fimbo yake, mchirizi mweusi.

Yusra aliingiza kichwa mlangoni.

"Mbona hapa pananukia kichwa cha mama?"

"Ni mafuta ya breki yamelala," nikasema.

Nikaitoa silinda, nikaifunga kwenye gazeti, nikapanda bodaboda hadi Ukunda kwa Nassir anayeuza spea. Aliifungua mbele yangu. Raba zake zilikuwa zimevimba, laini kama nyama ya dafu. Akanusa, akacheka mpaka akashika meza.

"Mzee Mbwana! Kumbe na wewe ni wa kikosi cha nazi?"

"Kikosi gani?"

"Nyinyi madereva wa zamani. Mafuta ya breki yakiisha, mnatia ya nazi. Raba hii hailishwi nazi, mzee. Ikinywa inavimba, inalegea, halafu siku moja inakuacha."

Nilikuwa utingo kwenye teksi za wazee hao, na wao ndio walionifundisha: pwani yetu joto, nazi haigandi, tia twende. Wiki mbili kabla ya ile Jumatano pedeli ililegea, mvua inamwagika, duka la karibu halina mafuta ya breki. Dirishani palikuwa na chupa ya Biasha, ya mafuta aliyoyakamua mwenyewe ya kupaka nywele. Niliimimina yote.

Jioni yake akauliza, "Baba Yusra, nani kanimalizia mafuta yangu?"

"Panya," nikamwambia.

Akacheka. Cheko lile ningelipata leo, ningelala nalo chini ya mto.

Nilirudi na raba mpya. Nikaosha silinda na paipu kwa spiriti mpaka harufu ikaisha, na ilipoisha nilikaa kidogo na chupa ya spiriti mkononi, maana hapakuwa tena mahali pengine nyumbani pa kumnusa. Nikafunga kila kitu, nikatia mafuta ya breki yenyewe.

Ikabaki kutoa hewa. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja juu kwenye pedeli, mmoja chini na spana. Miaka ishirini na sita aliyekuwa juu ni Biasha. Alikuwa akipiga kelele, "Nimeshikilia! Haya, fungua upesi, mguu wangu si wa chuma!" Sasa akapanda Yusra, tumbo limegusa usukani.

"Kanyaga mara tatu, ushikilie."

"Nimeshikilia, baba."

Nikalegeza nati, povu likatoka. Nikakaza.

"Achia. Tena."

Mara ya nne, nikiwa chini kule ambako hanioni uso, nilimwambia. Chupa, panya, yote. Nikamwambia na lile la njiani: kabla pedeli haijashuka, mama yake aligeuka akasema, "Nanusa nazi," nami nikamjibu, "Ni nywele zako hizo." Na nywele zake zilikuwa hazijaonja mafuta wiki mbili.

Nikadhani ameshuka.

"Yusra?"

"Nipo. Nimeshikilia."

Nikafungua. Mafuta yakatoka safi, hayana hata tone la hewa. Nikakaza nati. Pedeli sasa ilikuwa ngumu, klachi imerudi. Ningeweza kutoka chini ya gari.

"Baba," akasema, mguu bado uko pale pale, "mama alijua?"