Jumanne ya Doyo

Jumanne aliyoondoka, Doyo alichuchumaa kwanza mbele ya ruta, kijisanduku cha mtandao kilichokuwa sebuleni, akabadilisha nywila kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wameshaijua. Ilikuwa saa moja na dakika arubaini asubuhi. Kisha akavaa viatu, akashika njia ya Sericho kwenda kutengeneza mlingoti wa mtandao. Gari lake lilipinduka kabla ya adhuhuri. Sabdio, mkewe, aliingia eda kabla hajakiosha kikombe alichonywea Doyo chai.

Ruta ile haina betri ya saa. Stima ikipotea, nayo husahau siku. Ikiwaka, hushika tarehe ya faili iliyoandikwa mwisho. Faili hiyo ilikuwa ile ya nywila aliyobadilisha Doyo. Basi kila stima iliporudi, ndani ya kijisanduku kile ilikuwa Jumanne, saa moja na dakika arubaini, na Doyo hajatoka. Sabdio alifungua ukurasa wa mipangilio kwenye simu, akaitazama tarehe hiyo mpaka macho yakamwuma, halafu akaisogeza mbele kwa kidole chake mwenyewe ili mtandao ukubali kufunguka. Kila mara ilikuwa kama kumzika upya.

Wiki moja alichelewa kuisogeza. Kazi yake ni kuwatafsiria Kiborana madaktari walio mbali, na siku hiyo mama mmoja wa Kinna alikaa mbele ya skrini dakika ishirini, mtoto akiungua homa, bila wa kumsemea. Msimamizi alisema ikitokea tena watamtafuta mwingine.

Eda ilikuwa imekwisha, kwa hiyo akamwita Mbae, fundi mwenzake Doyo. Lul, dada ya marehemu, aliketi nao.

"Inaiuliza saa kompyuta ya mbali, na inaitafuta kwa jina," Mbae alimwambia Sabdio. "Kulitafuta jina kuna ukaguzi, na ukaguzi unakataa tarehe ya zamani. Nikiweka namba ya kompyuta hiyo badala ya jina, Mama Khadijo, itajipatia saa yenyewe."

"Doyo alisema wewe huwezi kuchomeka waya bila mashahidi," Lul alimtania.

"Hakunisingizia."

Sabdio hakucheka. "Utaandika faili upya?"

"Lazima."

"Basi izime kwanza, uiwashe."

Mbae akafanya hivyo. Tarehe ilipotokea, Lul alijifunika uso kwa shungi. Sabdio aliisoma kimyakimya, akasubiri dakika ya arubaini igeuke arubaini na moja.

"Andika," akasema.

Siku hizi stima ikirudi, ruta huuliza saa, hujibiwa, na Sabdio hana haja ya kuinuka kuisogeza tarehe.