Sentensi ya Élisée

"Yaya Valérie, sikiliza hii sentensi moya, njo niitoe," Gracia aliniita kutoka ndani, kama dada yake mkubwa.

Niliweka pasi ya makaa pembeni, nikaingia. Mimi napiga pasi mashati ya watu wa reli. Barazani ni pangu, ndani ni pa vijana wanaoandika programu za kompyuta. Shule niliishia msingi. Lakini Élisée, aliyeanzisha chumba kile, alikuwa na desturi yake: katika mwongozo wa programu yao, inayotunza matoleo yote ya kazi, ya zamani na mapya, sentensi haiingii wala haitoki kabla sijaisikia. "Valérie akielewa, Kamina yote itaelewa," alisema, nami nikajifanya nimekasirika.

Gracia akasoma: "Kabla ya kugusa kitu, nakili kazi yako yote, uiweke mbali. Kinachopendwa hakiachwi mahali pamoja."

Nilikuwepo sentensi hiyo ikizaliwa. Umeme ulikuwa umekatika, kazi ya miezi ikapotea. Élisée akakaa karibu na makaa yangu akiwaza kwa sauti, moshi ukimtoa machozi, au haukuwa moshi. Baadaye akapanda treni ya Bukama. Simu zake zilikuja, zikapungua, kama mvua inavyoaga.

"Iko na ubaya gani?" niliuliza.

"Ni ya zamani, yaya. Sasa programme inachunga ma-copie yenyewe. Kapenda amefuata hii conseil ya kunakili, amerudisha copie ya zamani juu ya kazi ya bantu bote, ikaifuta." Akanitazama. "Ao unamungojeaka Élisée mpaka leo?"

"Chunga kinywa yako, mwana."

Alicheka, kisha akangoja. Kufuta angeweza bila mimi. Hakufuta.

Ningesema tu sijaelewa sababu ya kuitoa, sentensi ingebaki. Nyuma yake Kapenda, kijana mwenzake, alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta kamasi.

"Soma tena."

Akasoma. Sauti ilikuwa ya Gracia, lakini mimi nilisikia hata pumzi ambayo Élisée alivuta kabla ya "kinachopendwa".

"Toa."

"Programme inauliza sababu."

"Andika: hatari ile imekwisha."

Akaandika. "Haipotei kabisa, yaya. Iko kule chini, mu ma-version ya zamani. Bantu habataisoma tu."

Nikamwambia pasi inapoa, nikatoka.

Ndani akaanza kuwasomea wenzake ukurasa mpya. Alipofika pale sentensi ilipokuwa, akapita bila kusita. Niliyesita ni mimi, pasi juu ya kola, mpaka shati likaanza kunuka moto.