Mutoto Apimwe Bila Nguo

Kitabu ya kazi yetu, ile kubwa ya kupima watoto wenye kukosa chakula, siku ilifika tulicheka mupaka machozi. Ukurasa ya kwanza: «Muvue mutoto nguo yote mbele ya kumupima.» Fiacre, infirmier mwenzangu, muuguzi kama mi, aliisoma na sauti ya padri. Mi nikasema: «Aka! Wanatuona siye wajinga? Miaka kumi na mbili niko napima watoto hapa kituo ya afya ya Ngezi, leo nifundishwe kuvua nguo?» Nikaifunga, nikaweka redio juu yake.

Mwezi wa kumi watu wa Djugu wakafika, wamekimbia vita. Asubuhi moja akaingia mama mumoja, Bénédicte, na mutoto wake Gaël, mwaka moja na miezi mbili. Walikuwa wametembea siku ine. Ukikimbia hivyo haubebe valise, nguo yote unaivaa. Gaël alikuwa na sweta tatu na koti juu. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wamejipanga mupaka barabarani, na mama alikuwa anamukumbatia na ile koti kwa nguvu. Nikamuhurumia. Nikamupima vile vile, na nguo yote.

Kilo nane na nusu. Kwa urefu yake, huyo ni mutoto wa kurudi nyumbani. Nikaandika kwa fiche, karatasi ya mutoto, nikamupa mama unga ya bouillie, ya kupika uji, nikamuambia arudi kisha wiki mbili.

Alirudi siku ya tano. Gaël hakukuwa tena na nguvu ya kulia. Sasa nikamuvua mi mwenyewe. Chini ya sweta ya tatu kulikuwa kitambaa imefungwa kwa tumbo, na ndani mbegu ya maharagi, karibu kilo nzima.

«Kwa barrière ya barabara, askari wanapekua wakubwa,» Bénédicte alisema pole pole. «Mutoto hawamuguse. Na kwa kambi wanaiba. Ni mbegu ya shamba yetu, siku tutarudia.»

Bila nguo, Gaël alikuwa kilo saba. Ee Mungu wangu. Mutoto wa kilo saba ningemutuma hospitali siku ile ile ya kwanza.

Tulipanda pikipiki, tukamukimbiza hospitali. Alikufa mbele ya saa sita.

Bénédicte hakupiga kelele. Alikaa chini kwa sakafu ya hospitali. «Ni mi nilimuua,» alisema. «Mbegu yangu ilidanganya balance ya kupima.»

Ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, nilitaka kunyamaza. Fiche haionyeshe nguo, na yeye alikuwa amekwisha kujibebesha kosa yote. Lakini nilikuwa nimemushika bega. Nikashindwa.

«Hapana, mama Gaël. Kumuvua nguo ilikuwa kazi yangu. Sikumuvua. Kosa ni yangu.»

Aliniangalia. Hakunitukana.

«Basi toa mukono yako kwa bega yangu,» alisema.