Kompyuta Isiyoitikia Salamu

Nyumbani tulimwita Redio. Shuleni walimwita Kimya. Alikuwa mtoto yule yule, wa miaka saba, binti wa shemeji yangu. Alilelewa na bibi yake, mama mkwe wangu, na lugha aliyoijua ilikuwa moja tu, ya kwao. Nyumbani aliongea hata mswaki ukiwa mdomoni. Shuleni, wanakofundisha kwa lugha nyingine, alikaa miezi mitano bila kupiga hata chafya.

Mwalimu Mkuu alikwisha kutoa neno: Ijumaa atamuuliza maswali machache, na asipojibu, Jumatatu atarudishwa chekechea.

"Kwenye vile viti vya chekechea?" mama mkwe wangu alisema. "Magoti yatamfika masikioni."

Mimi ni fundi wa redio. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na mara mbili kwa kupigwa shoti. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amepewa kompyuta nne kuukuu, nami nikazifufua katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Alitaka kila picha iwe na sauti mbili: yeye aitaje kwa lugha ya shule, na mtu mwingine kwa lugha ya watoto.

"Nani ana sauti nzuri ya lugha yao?" aliniuliza.

"Nzuri sijui," nikasema. "Kubwa ipo nyumbani kwangu."

Mama mkwe ni mshonaji. Alisimamisha cherehani, akafunga kitambaa vizuri kichwani, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyekuja kuposa. Mimi naye huzungumza kwa kuchanganya lugha, kila mmoja akimvumilia mwenzake. Akatoa salamu. Akangoja.

"Endelea tu, mama. Inasikia."

"Inasikia, na salamu haiitikii?"

"Ni mashine, mama."

"Cherehani nayo ni mashine. Nikiikanyaga, inajibu."

Tukaenda hivyo kwa picha thelathini. Picha ya ndoo inatokea, sauti ya Mwalimu inasema "ndoo", mama mkwe anaitaja kwa lugha yao. Ningependa aishie hapo. Lakini yeye aliongeza, kwa lugha yao: "Na huko shuleni mnaiitaje? Mimi huwa inanitoka. Hebu niambie." Kisha akanyamaza, akiitazama kompyuta kama anayengoja maji yachemke. Mwisho akaikemea: "Mbona hunijibu? Umenuna?" Hilo nililielewa bila msaada. Katika lugha yao, maneno ya kukaripiwa ndiyo niliyoanza kuyajua.

Kesho yake nilikaa kwenye meza yangu ya kazi nikakata. Nilikata salamu, nikakata maswali, nikakata ule ukimya wote. Dakika arobaini zikawa tisa. Nilijisifu kidogo, sikatai.

Jumatano watoto walikaa wawili wawili, kila mmoja na hedifoni zake. Redio aliitazama kompyuta kama mtu anavyotazama ukuta akisubiri daktari. Somo likaisha. Akavua hedifoni, akaweka mikono mapajani. Wenzake nao kimya.

"Somo safi sana, fundi," Mwalimu akasema. Jinsi alivyolitamka hilo "safi", sikuona sababu ya kushukuru.

Jioni mtoto alimweleza bibi yake kila kitu, kwa urefu na kwa mikono. Cherehani ikasimama.

"Mjukuu wangu anasema nimempita bila salamu," mama mkwe akasema. "Mimi! Nimpite damu yangu kama nguzo ya umeme!"

"Nilipunguza kidogo tu, mama."

"Ulipunguza nini?"

"Zile sehemu ambazo hukuwa unasema kitu."

"Hapo nilikuwa namsikiliza mtoto, mkwe wangu."

Bahati yangu ni kwamba mimi situpi kitu, hata skrubu iliyoliwa na kutu. Dakika arobaini zilikuwepo zote. Alhamisi nikazirudisha kama zilivyokuwa.

Ijumaa asubuhi Redio alivaa hedifoni. Salamu ikamfikia, kisha ule ukimya. Akageuka huku na huku kuona kama kuna anayecheka. Halafu akaitikia, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio. Picha ya ndoo ikaja, na bibi akauliza shuleni inaitwaje.

"NDOO!"

Hapo wenzake nao wakaanza. Bibi hajui, na wao wanajua! Nani angekubali bibi wa watu abaki gizani? Chumba kizima kikawa kinamfundisha.

Mwalimu Mkuu akaingia mbio na karatasi yake ya maswali.

"Nani anapiga kelele hivi?"

"Kimya," Mwalimu akajibu.

"Nimeuliza nani!"

"Ndiye huyo, Mkuu. Yule Kimya."

Mkuu hakuamini. Akachukua hedifoni za jirani wa mtoto, tukamwanzishia somo. Akasikiliza, akakunja uso, akanigeukia.

"Imekufa, fundi. Imenyamaza."

Kabla sijafungua mdomo, mtoto alimvuta shati na kumwambia, kwa lugha ya shule, kila mtu akisikia: "Bibi anakungoja wewe. Itikia."

"Niitikie vipi?"

Akamfundisha. Mkuu akanong'ona.

"Kwa sauti," mtoto akasema. "Bibi ni mzee."

Mkuu akarudia, akakosea. Akarudia tena. Kisha akaitazama karatasi yake ya maswali, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Atabaki hapa hapa," akamwambia Mwalimu. "Lakini apunguze sauti."

Niliporudi nyumbani, mama mkwe hakuniuliza habari za mtoto. Hizo alikwisha kupewa na mwenyewe, tangu njiani.

"Na huyo mkubwa wenu," aliuliza, "aliitikia?"

"Aliitikia, mama. Mara ya tatu ndiyo ikakaa sawa."

"Si mbaya." Akaikanyaga cherehani, nayo ikajibu. "Wewe ulichukua miaka miwili."