Tairodi za Gari la Sindano

Tairodi mpya ilitoka kwenye boksi ikiwa kavu. Nilikizungusha kichwa chake kwa vidole. Kikagoma, kikalia kidogo, kikatulia. Nyuma yangu Sindano alikuwa akienda na kurudi, viatu vyake vipya vikikwaruza kokoto za gereji.

“Itachukua muda, mwanangu?”

“Itachukua inavyochukua.”

Mwanawe nani? Jina la Sindano alilipata kwa kaka yangu, siku mama alipotuketisha sebuleni akatuambia, bila kupepesa macho, kwamba anaolewa. Na fundi cherehani wa mji wa mbali, mgane, mwembamba, mpole. Kaka alitoka akabamiza mlango. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baba, aliyenifundisha ufundi huu, hata udongo wa kaburi lake nilikuwa naona haujakauka.

Sasa bwana harusi alikuwa amekuja kumchukua mkewe, na usukani wa gari lake ulikuwa unacheza kama jino bovu. Nililipiga jeki, nikalitikisa gurudumu la mbele: vile vifundo vinavyoliunganisha na usukani vilikuwa vimekwisha. Ndipo nilipotabasamu mara ya kwanza asubuhi ile.

“Kwa tairodi hizi hamfiki popote,” nilimwambia.

Kumbe duka la jirani lilikuwa nazo mpya.

Basi nikajificha kwenye grisi. Ni kweli, kipuri cha namna ile hakifungwi kikavu. Kitajikwaruza chenyewe mpaka kife kabla ya siku zake. Lakini kweli ile niliitumia vibaya. Niliweka bomba la grisi kwenye kitundu chake, nikasukuma polepole mpaka mpira unaokifunika kichwa ukavimba kama shavu la mtu aliyezuia maneno. Nikazungusha kichwa pande zote. Nikafuta. Nikatazama. Nikaanza upya. Jua likapanda, na mimi bado nafuta.

Mama akatoka ndani na nguo zake za safari, akaketi juu ya tairi kuukuu.

“Hiyo imeshiba.”

“Bado kidogo, mama.”

“Nimefua grisi ya baba yako tangu ujana wangu. Unanichelewesha, au unaniogopea?”

Mikono yangu ilitafuta kazi ya kufanya, ikaikosa.

“Vyote viwili.”

Sindano akaacha kutembea. “Binti,” alisema, safari hii bila ‘mwanangu’, “kama leo bado, mimi nitatafuta pa kulala. Nitasubiri.”

“Wewe utasubiri,” mama akamkata. “Mimi sisubiri.” Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. “Huyu bwana hunichekesha. Mara ya mwisho kucheka ndani ya nyumba hii ni lini? Mmenizunguka kwa ncha za vidole, kama mgonjwa.”

Ningejuaje? Tulidhani kimya chetu ndiyo heshima. Tulizima redio, tukapunguza sauti, tukamwachia msiba wake wote peke yake.

Nikaingia chini ya gari. Nikapaka grisi kwenye meno ya skrubu, nikakaza nati, nikapenyeza pini. Nilipoujaribu usukani, ulifuata mkono bila kunung’unika.

“Mkifika tu, gari likapimwe magurudumu kama yamenyooka,” nilimwambia Sindano. “Usiseme kesho.”

“Sitasema kesho,” akajibu, kama mwanafunzi.

Baadaye nilizoea kwenda kwao. Nilikuwa nawasikia tangu barabarani, wakibishana nani katia chumvi nyingi, mama akicheka mpaka anakohoa. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilisimama na mikono michafu, nisiweze hata kumkumbatia bila kumharibia nguo.

Kaka, aliyeapa kwamba hatatoka chumbani, ndiye aliyefungua geti. Gari likapita mbele yake, likakata kona taratibu. Nilingoja mama ageuke anipungie mkono. Hakugeuka. Alikuwa amekwisha kunyoosha kidole mbele, anamwonyesha mumewe shimo.