Darasa Kwenye Ungo

Mjukuu wangu Marieta alikuwa amekwisha kufunga nguo zake kwenye kitenge. Aliniambia kwamba mkaguzi wa shule anayekuja akisema kama alivyosema yule wa mwaka jana, basi, ualimu anauacha. Atakwenda Bunda kwa shangazi yake kuuza samaki. Yule wa mwaka jana alimnyang'anya chaki mbele ya watoto, akawauliza kama huyu naye ni mwalimu. Marieta aliingizwa kazini akiwa amemaliza darasa la saba tu, enzi zile walimu walipotafutwa kila kijiji. Hakulia siku ile. Alifua kitambaa cha kufutia ubao mpaka kikachanika.

Nyumba yetu pale Murangi ilitazamana na darasa lake. Saruji ilikosekana, kuta zikaishia kiunoni, kwa hiyo nikikaa uani niliona yote.

Mkaguzi alikuja akikokota baiskeli, maana gari la ofisi kule Musoma halikuwa na mafuta. Alikuwa mama wa makamo, jina lake Hyasinta. Nilidhani ataomba kiti cha mbele. Akapita mpaka nyuma, upande wa ziwa, akaketi kwenye tofali katikati ya watoto. Marieta alifundisha hesabu za kutoa, akiandika kwa kipande cha muhogo mkavu kwa sababu chaki zilikuwa zimekwisha. Kipindi kilipomalizika mkaguzi alisema tu, "Asante, mwalimu. Tutaongea nyumbani."

Alasiri alinikuta nachambua maharage. Alivua viatu, akakaa mkekani, akachambua pamoja nami kama mtu wa pale pale. Marieta alisimama mlangoni, hakai.

"Mama, niazime ungo," Hyasinta akaniambia. Akamgeukia Marieta. "Mwalimu, nipangie darasa lako. Kila harage ni mtoto."

Marieta akapanga, safu kwa safu, akiwataja majina kwa sauti ya chini.

"Sasa chukua mahindi. Kila uliyemuuliza leo, mwekee punje."

Alianza upesi. Baadaye mkono ukawa mzito. Punje zilijaa mbele, karibu na mlango. Upande wa ziwa maharage yalikaa peke yake.

Darasa lile nilikuwa nalitazama kila siku, wala sikuwahi kuliona.

"Hawa ni akina nani?" Hyasinta akauliza.

"Watoto wa dagaa. Wanaamkaga alfajiri kuanika, wanakuja wamechoka. Mimi nawaachaga wapumzike. Sitaki kuwaaibisha."

"Ningekupata wewe utotoni ningekushukuru. Mimi nilisinzia mpaka nikaanguka na benchi." Marieta akacheka bila kupenda, akakaa. "Hiyo ni huruma, usiitupe. Anayelala, mwache alale. Ila Nyamburi leo hakulala. Nilikuwa naye bega kwa bega. Kila ulipowauliza wenzake, yeye alijibu."

"Sikumsikia."

"Alijibu kwa ukucha, kwenye paja."

Nikaelewa. Mafuta ya kupaka yalikuwa hayapatikani mwaka ule, ngozi za watoto zilikauka, na ukucha ukipita uliacha mstari mweupe. Mtoto alikuwa na ubao wake mwenyewe, na sote hatukujua.

"Majibu yalikuwa sahihi?" Marieta akauliza, akinong'ona kama yuko kanisani.

"Kesho muulize mwenyewe. Hilo moja tu. Uliza, halafu subiri. Usimsaidie."

Asubuhi nilikaa uani, mikono mitupu. Marieta alitembea mpaka nyuma.

"Nyamburi. Una samaki ishirini na watatu, furu. Umempa jirani tisa. Umebaki na wangapi?"

Mtoto akainama. Mbele mikono ikanyooka, mmoja akasema, "Huyo hajuagi, mwalimu." Marieta hakugeuka. Alisubiri. Nilimwona anauma mdomo, nami nikauma wangu. Mawimbi yalisikika mpaka uani kwetu.

"Kumi na wanne," Nyamburi akasema.

"Umepataje?"

"Nimetoa watatu kwanza, wakabaki ishirini. Halafu nikatoa sita."

Darasa zima liligeuka nyuma kumtazama. Hata Marieta alimtazama kama mtu aliyeona jua likichomoza upande asioutegemea. Njia hiyo hakuwa amewafundisha. Kisha pembeni ya Nyamburi mkono mwingine ukapanda, mwembamba, wenye magamba ya dagaa.

Hyasinta aliondoka mchana. Nilimfungia viazi, akaondoka akikokota baiskeli yake vilevile.

Jioni maji ya kupikia maharage yalikuwa yamechemka. Marieta akaja na ungo.

"Bibi, maharage usiyatie kwanza. Nipe kidogo."

Nikasogeza sufuria pembeni. Alipanga, akaweka punje, akatazama muda mrefu. Upande wa ziwa palikuwa na mahindi. Kwenye kona, karibu na ukuta, maharage mawili yalikuwa bado hayana kitu.

"Hawa sijawafikia," akasema. "Kesho."

Akaenda ndani akafungua kitenge, akitafuta kitambaa cha ubao.